Gari lililotumika likiharibika baada ya kununuliwa: haki za mnunuzi nchini Uganda

Kando ya Barabara ya Jinja, kutoka Lugogo kupita Nakawa na Banda hadi Kireka, magari yaliyotumika yamepangwa ubavu kwa ubavu nyuma ya nyaya za uzio. Wakazi wa Kampala huviita viwanja hivyo bondi, kwa kuwa vingi ni maghala ya forodha ambamo gari huweza kukaa bila kulipiwa ushuru mpaka apatikane wa kulinunua. Sehemu kubwa ya magari hayo yametoka Japani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kufika hapa. Mnunuzi hulizunguka gari, huliwasha, husikiliza injini, huliendesha mara moja au mbili ndani ya kiwanja, kisha hulipa akiba ya miaka kadhaa na kuondoka na karatasi mbili tatu mfukoni.

Wiki ya pili gari linachemsha kwenye foleni ya Kibuye, au gia inaanza kuteleza kwenye mlima wa Nsambya. Mnunuzi anaporudi kwa muuzaji, jibu la kwanza huwa lile lililochapishwa chini ya stakabadhi nyingi: mali ikishauzwa hairudishwi. Wengi huishia hapo, wakaenda kutafuta giaboksi ya mtumba katika soko la Kisekka kwa fedha zao wenyewe. Wachache hujua kwamba maneno hayo ya stakabadhi hayamalizi habari, na kwamba sheria za Uganda zinampa mnunuzi nafasi ya kudai, ingawa si katika kila hali wala kwa kila muuzaji.

Sheria inayohusika

Uganda imekwenda kwa miaka mingi bila sheria moja mahususi ya kumlinda mlaji. Kenya ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012, miaka miwili baada ya haki za mlaji kuandikwa katika Kifungu cha 46 cha Katiba yake. Tanzania Bara nayo inazo kanuni za kumlinda mlaji ndani ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, chini ya usimamizi wa Tume ya Ushindani. Kampala, mnunuzi wa gari hutegemea zaidi sheria mbili za jumla: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010.

Ile ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni iliyokuwa imenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Asili hiyo ina umuhimu wake hadi leo. Kwa kuwa msingi wa sheria ni ule ule, mahakama za Uganda husoma hukumu za Uingereza kuhusu uuzaji wa bidhaa kama mwongozo, ingawa hazilazimiki kuzifuata, na miongoni mwa hukumu hizo zimo kadhaa zinazohusu magari yaliyotumika. Mambo ambayo majaji wa London walibishania miaka ya hamsini na sitini, kama vile mita iliyorudishwa nyuma na mwaka wa gari uliodanganywa, ni yale yale yanayobishaniwa leo katika mahakama ya Mengo.

Sheria inachukulia kwamba kila anayeuza kitu ametoa ahadi fulani hata kama hakuzitamka. Ya kwanza ni kwamba kitu ni chake, au ana mamlaka ya kukiuza. Ya pili ni kwamba kitu kinalingana na maelezo yaliyotolewa. Ya tatu, ambayo haimhusu kila muuzaji, ni kwamba kitu kina ubora unaostahili kuuzika na kinafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Gari linapoharibika, mnunuzi wengi huikimbilia hii ya tatu, ilhali mara nyingi ya pili ndiyo iliyo rahisi kuthibitisha.

Ubora wa gari kuukuu ni upi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Hakuna anayetegemea gari la miaka kumi na miwili liwe kama lililotoka kiwandani. Mwaka 1965 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, ilishughulikia Jaguar iliyotumika ambayo muuzaji alimwambia mnunuzi mapema kwamba klachi yake inahitaji kutengenezwa. Mnunuzi alikubali na akapunguziwa bei. Baadaye matengenezo yaligharimu zaidi ya alivyotarajia, akashtaki, akashindwa. Lord Denning alisema gari lililotumika linatosha kisheria likiwa katika hali ya kutumika, hata kama si kamilifu. Aliyeambiwa kasoro na akapewa bei nafuu kwa ajili yake hawezi kurudi kulalamikia kasoro ile ile.

Miaka michache baadaye mahakama hiyo hiyo iliamua kesi nyingine ya Jaguar kwa upande wa mnunuzi. Katika Crowther dhidi ya Shannon Motor Company, hukumu iliyochapishwa mwaka 1975, gari lilikuwa na umri wa miaka minane na lilikuwa limekwenda maili zaidi ya 82,000, karibu kilomita 132,000. Baada ya wiki tatu na maili 2,300 injini ilikwama kabisa. Mmiliki wa zamani alikuja kutoa ushahidi kwamba injini ilikuwa tayari imechoka alipoliuza gari hilo. Majaji walisema kwamba gari ambalo injini yake inakufa ndani ya muda mfupi kiasi hicho halikuwa likifaa kuendeshwa barabarani siku lilipouzwa, na mnunuzi akalipwa fidia.

Kutokana na kesi hizo mbili unapatikana mpaka ambao mtu wa Kampala anaweza kuutumia kujipima. Breki zilizolika, shoksi zilizochoka, betri iliyokufa baada ya miezi minne, hayo ni matumizi ya kawaida ya gari kuukuu, na mahakama haitayasikitikia sana. Injini iliyopasuka gasketi na kuzibwa kwa dawa ili idumu hadi mnunuzi aondoke kiwanjani ni jambo jingine. Kinachoangaliwa ni hali ya gari siku ya mauzo. Hitilafu iliyojitokeza baadaye ina maana kisheria kwa kadiri inavyoonyesha kwamba chanzo chake kilikuwapo siku hiyo, na mzigo wa kuonyesha hivyo ni wa mnunuzi. Ndiyo maana siku zinahesabika: giaboksi iliyokufa siku ya nane inajieleza yenyewe, lakini iliyokufa mwezi wa kumi itahitaji fundi wa kuieleza.

Umri, kilomita na bei navyo huingia katika hesabu. Aliyelipa bei ya soko kwa gari lililosemwa kuwa zima ana madai yenye nguvu kuliko aliyelipa nusu ya bei hiyo.

Vilevile, aliyelikagua gari kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Jambo hili huwachanganya watu, wakadhani ni afadhali kutokagua kabisa ili wasipoteze haki. Hiyo ni hesabu mbaya. Kesi huchukua miezi na gharama, na fundi wa kulipia gari uvunguni hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya gari lenyewe.

Nani hasa ameuza?

Ahadi ya ubora humfunga mtu anayeuza magari kama biashara. Mwalimu wa Ntinda anayeuza gari lake moja ili alipe karo ya watoto hafungwi nayo kwa namna hiyo hiyo. Yeye anafungwa na maneno yake tu: akisema gari halijawahi kupata ajali na likawa limewahi, atajibu kwa hilo. Asiposema kitu na asipoficha kitu, mnunuzi amebaki na macho yake.

Tofauti kati ya mfanyabiashara na mtu binafsi huonekana hata katika uzito wa maneno. Katika kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams ya mwaka 1957, mtu binafsi aliuza gari aina ya Morris akisema ni la mwaka 1948, kwa sababu ndivyo kitabu cha usajili kilivyoonyesha. Lilikuwa la 1939. Mtu fulani zamani alikuwa amekichezea kitabu. Mahakama ilisema muuzaji hakuwa na utaalamu wala njia ya kujua, na kwamba mnunuzi, ambaye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara wa magari, alikuwa na nafasi bora ya kuchunguza. Muuzaji hakulipa. Miaka minane baadaye, katika Dick Bentley dhidi ya Harold Smith Motors, mfanyabiashara alisema gari limekwenda maili 20,000 tu tangu libadilishwe injini. Ukweli ulikuwa karibu maili 100,000. Yeye alilipa, kwa sababu ilikuwa kazi yake kujua.

Katika Kampala swali la nani ameuza lina ugumu wa ziada, nao ni dalali. Gari moja linaweza kupita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia mnunuzi: mwagizaji, mwenye kiwanja, na kijana aliyemdaka mnunuzi langoni akisema gari ni lake. Hitilafu ikitokea, kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake. Anayewajibika ni yule aliyeingia mkataba kama muuzaji, au yule ambaye dalali alimwakilisha kwa idhini yake. Basi jina lililo kwenye mkataba, jina lililo kwenye stakabadhi na jina la akaunti au namba ya simu iliyopokea fedha yanapaswa kuwa ya mtu mmoja au ya kampuni moja, na pale yanapotofautiana mnunuzi anapaswa kuuliza kabla ya kulipa. Waliotuma fedha kwa simu ya dalali na kupewa stakabadhi isiyo na muhuri hupata shida kubwa kumtaja mshtakiwa.

Kilomita, mwaka na maelezo mengine

Gari lililotangazwa kuwa la mwaka 2012 lenye kilomita 78,000, lisilowahi kugongwa, lazima liwe hivyo. Likiwa sivyo, muuzaji amevunja ahadi ya maelezo, hata kama injini yake haina tatizo lolote. Zaidi ya hapo, chini ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba.

Uthibitisho wa mambo haya mara nyingi umo katika karatasi ambazo mnunuzi hazisomi. Gari la Japani huondoka na hati ya kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, inayoonyesha mwaka na mwezi liliposajiliwa mara ya kwanza. Lililopita mnadani huwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake, na herufi R katika alama hiyo hutumika kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Namba ya chesisi ndiyo inayounganisha karatasi hizo na chuma kilichosimama kiwanjani, kwa hiyo inafaa kusomwa kwenye mwili wa gari wenyewe na kulinganishwa herufi kwa herufi.

Kwa upande wa Uganda, Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, linaendesha utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, na magari yaliyotumika yamo katika utaratibu huo. Ukaguzi hufanywa katika nchi linakotoka gari na kampuni zilizopewa kazi hiyo. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuona hati yake. Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani yalipiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Tangu hapo, kumekuwa na sababu mpya ya mtu kutaka kuuficha mwaka wa gari, na kwa hiyo sababu mpya ya mnunuzi kuuchunguza.

Ila hati ya ukaguzi haimhakikishii mtu kwamba injini itadumu. Inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, upande wa pili wa bahari, pengine miezi kadhaa kabla ya kuuzwa.

“Kama lilivyo, hapo lilipo”

Mikataba mingi ya Kampala ina sentensi inayosema mnunuzi amelichukua gari kama lilivyo. Sentensi hiyo ina nguvu kiasi fulani, hasa kati ya watu binafsi, na mahakama haitaipuuza kwa sababu tu mnunuzi anajuta. Lakini haimkingi aliyedanganya. Muuzaji aliyerudisha mita nyuma hawezi kujificha nyuma ya maneno hayo, wala aliyeuza gari lisilo lake. Na pale ambapo maneno ya namna hiyo hayaeleweki vizuri, majaji kwa kawaida huyafasiri dhidi ya aliyeyaandika.

Sheria ya Mikataba inataka mkataba wowote wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Hakuna gari la kuendeshwa linalouzwa chini ya hapo, hivyo makubaliano ya mdomo ni mtego kwa pande zote mbili. Mkataba mzuri huandika zaidi ya majina na bei. Huandika kilomita zilizosomwa siku hiyo, mwaka, namba ya chesisi na ya injini, maneno ya muuzaji kuhusu ajali na matengenezo, na kasoro zilizokubaliwa. Wauzaji wengine hutoa dhamana ya injini na giaboksi kwa wiki mbili au mwezi mmoja; nayo iandikwe, pamoja na kile kitakachofanyika: kurudisha fedha, kubadilisha gari, au kulitengeneza kwa gharama ya nani.

Kuna jambo linalowahusu kwa karibu wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uganda, wakiwemo waliotoka mashariki mwa Kongo. Mikataba hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, ambayo ni ya zamani na haitajwi sana, haimhesabu tu yule asiyejua herufi. Inamhesabu pia mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha iliyotumika katika hati husika. Mtu anaweza kuwa na shahada kutoka Bukavu au Lubumbashi na bado akalindwa na sheria hii mbele ya karatasi ya Kiingereza. Anayemwandikia mtu kama huyo hati anapaswa kumsomea na kumweleza yaliyomo, kisha athibitishe ndani ya hati yenyewe kwamba amefanya hivyo na aandike jina lake na anwani yake. Mahakama za Uganda zimewahi kukataa kuzitegemea hati zilizokosa uthibitisho huo. Kwa hiyo asiyesoma Kiingereza ana haki ya kutaka mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na si kumsumbua mtu akilitaka hilo.

Hitilafu imetokea: siku za kwanza

Jambo la kwanza ni kuacha kuliendesha gari. Injini inayochemsha ikiendelea kuendeshwa huharibika zaidi, na muuzaji atasema, pengine kwa haki, kwamba uharibifu umeletwa na dereva. Sheria yenyewe inamtaka aliyepata hasara asiiongeze kwa uzembe wake.

La pili ni kumjulisha muuzaji mara moja, kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, ukitaja tarehe, kilomita na dalili zilizoonekana, lakini barua iliyopokewa kwa sahihi ni bora zaidi. Haraka hii ina sababu. Kasoro inapokuwa kubwa kiasi cha kuvunja sharti la msingi la mkataba, mnunuzi anaweza kulikataa gari na kudai fedha zake zote. Haki hiyo hupotea akishalikubali gari, na sheria humhesabu amelikubali akisema hivyo, akilifanyia jambo ambalo mwenye mali tu angelifanya, kama kuliuza au kulibadilisha rangi, au akikaa nalo kupita muda unaofaa bila kusema kitu. Hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Uingereza mwaka 1987, katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, mnunuzi wa Nissan mpya kabisa iliyokwama injini baada ya wiki tatu hivi na maili 140 aliambiwa amechelewa kulikataa gari, akabaki na fidia peke yake. Wanasheria wengi waliiona hukumu hiyo kuwa kali mno, lakini inaonyesha jinsi muda huo unavyoweza kuwa mfupi.

Aliyepoteza haki ya kulikataa gari hajapoteza kila kitu. Bado anaweza kudai fidia, ambayo kwa kawaida ni gharama ya matengenezo yanayofaa, au tofauti kati ya thamani ya gari kama lingekuwa zima na thamani yake halisi siku lilipokabidhiwa.

La tatu ni ushahidi, na hapa ndipo madai mengi ya haki hufia. Mnunuzi huita makanika wa mtaani, injini hushushwa, vyuma vilivyokufa huuzwa kama chakavu, na kufikia siku ya kwenda kwa wakili hakuna kilichobaki cha kuonyesha. Gari likaguliwe kabla ya kufunguliwa, na fundi asiye rafiki wa upande wowote, ikiwezekana gereji yenye mashine ya kusoma hitilafu, itakayotoa ripoti ya maandishi inayotaja chanzo na umri wa tatizo. Muuzaji aalikwe kuja au kutuma fundi wake. Akikataa mwaliko, kukataa kwake nako ni ushahidi. Polisi wana idara ya wakaguzi wa magari, ambao ripoti zao hupokelewa vizuri mahakamani. Vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe.

Hali huwa tete zaidi kwa aliyenunua kwa malipo ya awamu, ambaye amelipa nusu ya bei huku kitabu cha usajili, kile ambacho Kampala nzima hukiita logibuku, kikiwa kabatini mwa muuzaji. Kishawishi chake ni kusimamisha malipo mpaka gari litengenezwe. Kufanya hivyo kimyakimya ni hatari, kwa sababu mikataba hiyo humruhusu muuzaji kulikamata gari awamu ikipita, na ubishi wa giaboksi hugeuka kuwa kesi ya mdaiwa sugu. Anayetaka kuzuia malipo atangulize barua inayoeleza sababu, na apate ushauri wa kisheria kabla ya tarehe ya awamu inayofuata.

Gari zima, lakini si la muuzaji

Hitilafu nyingine haiko kwenye injini. Gari linaweza kuwa la wizi, au liwe limewekwa rehani kwa mkopeshaji ambaye hajalipwa. Tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya dhamana katika mali zinazohamishika, na Ofisi ya Usajili, URSB, inatunza daftari ambamo wakopeshaji huandikisha dhamana zao. Mnunuzi anaweza kuomba utafutaji katika daftari hilo kabla ya kulipa, sambamba na kuthibitisha kitabu cha usajili kwa mamlaka inayosajili magari. Ambaye gari limechukuliwa mikononi mwake kwa sababu muuzaji hakuwa na haki ya kuliuza anadai bei yote. Katika kesi maarufu ya Rowland dhidi ya Divall ya mwaka 1923, gari la wizi lilikuwa limetumika kwa miezi kadhaa kabla polisi hawajalichukua, na mahakama ya Uingereza ikaamuru bei yote irudishwe bila kukata chochote kwa matumizi hayo.

Pa kupeleka malalamiko

Hatua ya kwanza ni barua ya madai yenye kiasi kinachodaiwa na siku za kulipa. Wauzaji wenye viwanja vya kudumu na jina la kulinda mara nyingi hukubali kugawana gharama za matengenezo wanapoona barua iliyopangika yenye ripoti ya fundi. Makubaliano hayo nayo yaandikwe.

Yakishindikana, kiasi cha dai ndicho kinachoamua mlango wa kubisha. Mahakama za mabaraza ya mtaa, zilizoundwa na sheria ya mwaka 2006, zinaweza kusikiliza migogoro ya mikataba isiyozidi shilingi milioni 2, na zinatumia lugha ya watu wa mahali hapo. Kwa dai lisilozidi milioni 10 upo utaratibu wa madai madogo chini ya kanuni za mwaka 2011. Humo mdai humpelekea mdaiwa hati ya madai, humpa siku 14, kisha hufungua shauri kwa fomu, na mawakili hawaruhusiwi kuzungumza kwa niaba ya wahusika. Mwenye gari la milioni 25 anayetaka tu kurudishiwa milioni 4 za giaboksi hadai bei ya gari, anadai fidia, na dai la ukubwa huo linaweza kupita njia hii. Juu ya hapo, kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2007, Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai hadi milioni 20 na Hakimu Mkuu hadi milioni 50. Yanayozidi huenda Mahakama Kuu. Katika mashauri ya madai ya kawaida, kanuni za mwaka 2013 zinazitaka pande mbili zipitie kwanza usuluhishi. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, hivyo asiyekijua aombe mkalimani mapema, tangu siku ya kufungua shauri.

Wengi hukimbilia polisi kwanza. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka mitano jela, na gari la wizi au namba ya chesisi iliyofutwa ni habari ya polisi bila shaka. Lakini giaboksi mbovu peke yake ni mgogoro wa madai. Muuzaji aliyewekwa rumande hatoi fedha kwa sababu hiyo tu, na polisi si wakusanyaji wa madeni.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kwenda kliniki ya msaada wa kisheria ya Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, au Justice Centres Uganda. Kwa wakimbizi upo pia Mradi wa Sheria ya Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao wahudumu wake wamezoea kupokea watu wanaozungumza Kiswahili.

Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa, yaani, kwa kawaida ya mauzo ya gari, tangu siku funguo zilipokabidhiwa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na saa, kwa kuwa hata faini za barabarani za gari hilo hugawanywa kwa kuitazama.